Herufi Inayoanza kwa Kushuka

Barua ilikuwa fupi, ya mwezi wa pili, kutoka Haukipudas:
"Nikiandika jina langu, ukurasa unakimbia.
Dawa anazo kijana mlangoni, na baridi inaingia."
Helvi Junttila, miaka sabini na tisa.

Saila akaisoma ghorofani, mjini Oulu,
mto chini ya dirisha umeganda, watu wakiuvuka kwa skii.
Akafungua programu, akagusa kisanduku cha saini,
akaandika: Saila.
Wino ukakifuata kidole kama mbwa aliyelishwa.
"Kwangu inafanya kazi," akasema,
na papo hapo akaionea haya sentensi hiyo,
kongwe kuliko kiti alichokalia.

Programu yenyewe ni nyumba ndani ya nyumba:
nje ganda, lililoandikwa mara moja kwa simu za aina mbili,
ndani kivinjari, kimepachikwa kama dirisha kwenye ukuta usio wake,
na ndani ya kivinjari, kisanduku cheupe
kinachosubiri jina la mtu.
Kidole kikitua, hakijui kimebisha mlango wa nani.

Wakalaumu kwanza ngozi: uzeeni hukauka, kioo hakiisikii.
Wakalaumu glavu. Wakalaumu karatasi ya kinga.
Otso akadhani kuna tabaka lisiloonekana limelala juu;
akayapaka matabaka yote rangi nyekundu, moja baada ya jingine,
skrini ikawa kama bucha,
na kila tabaka likaonekana liko mahali pake.
Akajaribu kwa kipanya. Kikachora bila kosa.
Lakini kipanya hakina kidole,
na Helvi hana kipanya.

Saa tatu usiku Saila akampigia.
"Andika tena, taratibu, nami nitasoma huku."
Kumbukumbu zikaanza kushuka, mstari kwa mstari:

mguso umeanza
mguso umesogea
mguso umesogea
mguso umekatizwa

Mara tano. Hakuna hata mara moja palipoandikwa: mguso umeisha.
Kuna kitu kilikuwa kinampokonya mwanamke yule kidole chake
akiwa bado amekiweka kiooni.

"Unaanzia wapi?"
"Juu. Nashusha mstari. H huanza kwa kushuka,
ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kwani siku hizi vipi?"

Saila akautazama mkono wake mwenyewe.
S huanza kwa kwenda kando. O ya Otso pia, hupinda kushoto kwanza.
Miezi saba walikijaribu kisanduku kile kwa majina yao wawili,
na ganda la nje, lenye kazi moja tu ya kusogeza ukurasa,
likiona kidole kinashuka husema: huyu wangu,
anataka kusoma chini;
likiona kinakwenda kando, hukiachia.
Halikuwa na ubaya. Lilikuwa mhudumu mwenye pupa,
anayekuondolea sahani ungali unatafuna.

Akawawaza akina Lempi, Kauko, Pentti, Raili,
wote walioshusha mstari wa kwanza na kuona jina likitoroka,
wakadhani ni uzee.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na huyu
alivunjwa kwa mistari miwili:
mmoja ndani, wa kukiambia kisanduku kisikubali kuburuzwa,
mmoja nje, wa kuliomba ganda lisubiri
mpaka kidole kiinuke chenyewe.

Alhamisi saini ikafika.
H kubwa, kijiti chake cha kati kimezipita nguzo pande zote mbili,
kisha mawimbi, kisha kitone kisicho na sababu.
Na chini yake, katika kumbukumbu: mguso umeisha.
Saila akautazama mstari huo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, barua kutoka Raahe:
"Kisanduku chenu kimejaa skrini yangu yote.
Nataka kushuka kusoma masharti, ukurasa hausogei."

Akavuta kiti.
Unaanzia wapi? akaandika.